Ziara ya mafunzo ya sheria Tanga kwa aliye wa kwanza kwao kufika chuo: pa kwenda, wa kumwandikia, na panapokwama

#1 Mkwajuni

Wakuu, salaam. Kila likizo za vyuo zikikaribia linarudi swali lilelile humu: kijana yuko mwaka wa kwanza au wa pili wa sheria, kwao hakuna aliyewahi kusoma chuo kikuu, hamjui hakimu wala wakili hata mmoja, na kikundi chao kimepata ziara ya mafunzo Tanga. Waende wapi, wamwandikie nani, waangalie nini? Majibu yapo, ila yametawanyika kwenye nyuzi kumi. Tuyakusanye hapa. Mwenye kujua upande wake aongeze, mwenye kusahihisha asahihishe.

Mtoto wa wakili hahitaji ziara. Amekulia kwenye nyumba yenye majalada juu ya friji, na kabla hajamaliza darasa la saba anajua kwamba "kutajwa" si "kusikilizwa". Asiye na baba wa aina hiyo anaweza kufika mwaka wa tatu akidhani sheria ni joho na kusema kwa sauti. Kwa hiyo ziara yake ipangwe kinyume na wengi wanavyopanga: ianzie chini, kwenye mbao za matangazo na madirisha ya masjala, joho lije baadaye.

Siku tatu zinatosha. Siku moja haitoshi. Ile "waja leo waondoka leo" iacheni kwenye khanga.

Siku ya kwanza asubuhi ni Mahakama ya Mwanzo, mchana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku ya pili asubuhi gaweni kundi, nusu Mahakama ya Hakimu Mkazi, nusu Mahakama Kuu, kisha mbadilishane baada ya chai. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka iwe saa nane mchana, maana asubuhi mawakili wa serikali wako mahakamani na mtaishia kusalimiana na viti. Siku ya tatu wenye gari waende Lushoto kwenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama (IJA). Wasio na gari wabaki mjini: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ofisi inayohudumia kazi za RITA (wakala wa usajili wa vizazi, vifo na udhamini), na kama barua imejibiwa, kitengo cha sheria bandarini.

Getini muwe saa mbili kamili asubuhi, ingawa mashauri huanza kuitwa saa tatu. Hiyo saa moja ndiyo ya kusoma orodha ya mashauri ubaoni. Anayeingia bila kuisoma anakaa kwenye chumba chenye mashauri manane, yote ya kutajwa, anatoka hajaona shahidi hata mmoja.

Tarehe: epukeni kipindi cha katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari, Mahakama Kuu huwa likizo na yanayosikilizwa ni ya dharura. Ila wiki ya mwisho ya Januari ina Wiki ya Sheria, mahakama huweka mabanda na kutoa elimu na ushauri bure, na mwanzoni mwa Februari huadhimishwa Siku ya Sheria. Anayetaka kuongea na maofisa, hiyo ndiyo wiki yake. Anayetaka kuona kesi ikiendeshwa, aje Machi au baada ya hapo. Na Ijumaa msiipangie kitu kizito mchana. Huu ni mji wa pwani, saa sita watu wanakwenda swala.

#2 Segera Njiapanda

Nimesogeza kiti. Swali la haraka: mwanafunzi mmojammoja asiye kwenye kundi anaruhusiwa kuingia bila barua?

#3 Bi Mkonge

Anaruhusiwa, mdogo wangu, na wengi hawajui. Mahakama ya wazi ni ya wazi kwa yeyote. Unaingia, unainamisha kichwa kidogo kuelekea meza ya hakimu, unakaa benchi la nyuma, simu imezimwa. Kuzimwa, siyo kuwekwa kwenye mtetemo. Hulipi kitu.

Pale usiporuhusiwa kuingia ni kwenye mashauri ya watoto, mashauri mengi ya makosa ya kujamiiana, na yale yanayosikilizwa chemba, yaani ofisini kwa hakimu au jaji. Karani akikwambia "hapa faragha", toka bila kuuliza sababu.

Barua unaihitaji unapotaka zaidi ya kukaa na kusikiliza: kuzungushwa masjala, kuongea na hakimu baada ya mashauri, kuingia ofisi ya mashtaka. Hapo ndipo makundi mengi hukwama, na barua yenyewe ndiyo hukwamisha. Makosa matatu ya kila mwaka:

Kwanza, barua imeandikwa na kiongozi wa wanafunzi. Itakaa. Iandikwe kwa karatasi yenye nembo ya chuo, isainiwe na amidi wa kitivo au mkuu wa idara, igongwe muhuri.

Pili, imeelekezwa kwa "Mkuu wa Mahakama, Tanga". Cheo hicho hakipo. Kwa Mahakama Kuu mwandikieni Naibu Msajili, nakala kwa Mtendaji wa Mahakama, maana huyo ndiye mwenye majengo, ulinzi na ratiba za kiutawala. Kwa Mahakama ya Hakimu Mkazi, Wilaya au Mwanzo, mwandikieni Hakimu Mfawidhi, yaani hakimu kiongozi wa mahakama hiyo. Kwa mashtaka ni kiongozi wa ofisi ya mkoa ya Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Kila ofisi na barua yake. Barua moja yenye "kwa yeyote anayehusika" haimhusu yeyote.

Tatu, haina idadi. Wekeni majina yote na namba za usajili, jina na simu ya mwalimu anayeongozana nanyi, tarehe mbili mnazopendekeza badala ya moja, na mambo mawili matatu mnayotaka kuyaona. "Kujifunza kwa ujumla" si jambo. "Kuona namna shauri la madai linavyosajiliwa mpaka kupangiwa hakimu" ni jambo, na karani ataandaa.

Ipelekeni wiki tatu kabla, mpige simu baada ya wiki moja. Gereza ni habari nyingine kabisa, ruhusa yake inapita Jeshi la Magereza na inachukua muda mrefu zaidi. Kwa ziara ya kwanza liacheni.

#4 mdau_Muheza

Idadi pia. Zaidi ya 15 kwenye chumba kimoja ni fujo. Vyumba vingi vina mabenchi machache, na ndugu za washtakiwa ndio wenye haki ya kukaa. Si adabu mama aliyetoka Maramba kumwona mwanawe asimame ukutani kwa sababu wanachuo wamejaza viti.

#5 Karani wa Zamu

Nichukue masjala, maana huku ndiko ziara nyingi hupita kwa dakika tano wakati pangestahili saa nzima.

Mwombe karani awaonyeshe shauri moja la madai tangu linapoingia. Siku hizi nyaraka zinapandishwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa mahakama, hakuna tena kubeba bahasha tatu za kaki. Hati ya madai inaingia na viambatanisho vyake, inakaguliwa, inatoka namba ya malipo, ada inalipwa, shauri linapata namba na kupangiwa hakimu au jaji. Kisha wito unatoka kwa mdaiwa. Kwenye mahakama zinazotumia Sheria ya Mwenendo wa Madai, mdaiwa ana siku 21 kujibu kwa maandishi tangu apate wito. Uliza: siku hizo zinahesabiwaje, na nani anathibitisha kwamba wito ulimfikia? Jibu la swali hilo moja litakufundisha zaidi ya mhadhara wa saa mbili, kwa sababu mashauri yanaanguka hapo.

Halafu omba uonyeshwe sababu za nyaraka kurudishwa. Utashangaa udogo wake. Jina la mdai kwenye hati ni "Mwanahamisi Saidi" na kwenye mkataba ulioambatanishwa ni "Mwanahamisi Said Bakari". Kiambatanisho kimepigwa picha na simu gizani, hakisomeki. Hati ya kiapo haionyeshi mahali na tarehe kilipoapwa. Hiyo ya mwisho iangalieni kwa makini: chini kabisa ya kiapo kuna sehemu ambayo kamishna wa viapo anajaza, yaani kimeapwa wapi, lini, na mbele ya nani. Sheria inataka mahali na tarehe vionekane. Mawakili wenye miaka 10 kazini wamewahi kuona maombi yao yakitupwa kwa mstari huo mmoja ulioachwa wazi. Ukitoka Tanga na kitu kimoja tu, toka na tabia ya kusoma mpaka mstari wa mwisho wa kiapo.

Istilahi za kubeba kabla hamjafika, ili msikae kama mko ugenini: *kutajwa* ni shauri kuja ili mahakama ijue limefika wapi, *usikilizwaji wa awali* ni kusoma mambo yasiyobishaniwa kwenye jinai, *kusikilizwa* ndiyo mashahidi, *uamuzi mdogo* ni uamuzi wa jambo la katikati, shauri bado linaendelea, *hukumu* inamaliza. *Kielelezo* ni kitu kilichopokelewa na mahakama, siyo kila karatasi iliyoshikwa na wakili.

#6 Pwani Mchangani

Karani umemaliza. Mimi napinga jambo moja la #1. Mahakama Kuu ianze. Vijana wakianza na Mahakama ya Mwanzo, chumba kidogo, joto, mashauri ya ugomvi wa mbuzi, wanavunjika moyo kabla ya chakula cha mchana.

#7 Mkwajuni

Mkuu, kesi ya mbuzi ndiyo sheria yenyewe. Atakayevunjwa moyo na mbuzi bora avunjike sasa, ada bado kidogo.

#8 Bi Mkonge

Pwani, hoja yako ya morali naielewa, lakini kuna sababu ya kimafunzo ya kuanzia chini. Mahakama ya Mwanzo inaendeshwa kwa Kiswahili tangu zamani, hivyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafuata kila neno. Mahakama Kuu nyaraka nyingi bado ni Kiingereza, ingawa marekebisho ya sheria ya 2021 yalifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mgeni anasikiliza mabishano ya pingamizi la awali (hoja ya kisheria ya kutaka shauri litupwe kabla ya kusikilizwa) kwa dakika 40 hajui hata nani anamwomba nani nini.

Na kwa Tanga hasa, Mahakama ya Mwanzo ina mirathi, na mirathi ndiyo shule. Mahakama hiyo inashughulikia mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Marehemu ambaye mali yake haifuati hayo, shauri lake linakwenda juu. Kwa hiyo swali la kwanza hakimu analotatua siyo "nani apate nini", ni "marehemu aliishi kwa sheria ipi". Kaa umsikilize anavyouliza: alioa vipi, alizikwa vipi, ndugu wanasemaje.

Muombaji anakuja na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo uliompendekeza, na orodha ya warithi. Panapokwama ni kwenye orodha: mtoto wa nje ya ndoa kaachwa, mke mdogo hakuitwa kikaoni, saini tatu zimeandikwa kwa mkono mmoja. Akiteuliwa, msimamizi ana wajibu wa kurudisha Fomu namba 5, orodha ya mali na madeni, na Fomu namba 6, hesabu ya mgawo, ndani ya miezi minne. Wengi hawarudishi. Wanadhani kuteuliwa ni kurithishwa. Miaka mitano baadaye nyumba ya Ngamiani imeuzwa na warithi wako mlangoni kwa hakimu. Mwanafunzi akiliona hilo kwa macho, akirudi darasani somo la mirathi halimpigi chenga.

Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni ndani ya siku 30. Andika hiyo kwenye jalada la daftari.

#9 Karani wa Zamu

Kwenye ardhi msisahau kuuliza kuhusu Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 kazi yake kwenye ardhi ni kusuluhisha, haliamui tena nani mwenye shamba. Lina siku 30 za kusuluhisha. Likishindwa ndipo mtu anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wanafunzi wanaosoma vitini vya zamani bado wanaandika kwenye mtihani kwamba Baraza la Kata linatoa hukumu.

Hilo linanikumbusha: sheria zimechapwa upya pamoja na marekebisho yake kwenye Toleo la Urekebu la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, na namba za vifungu kwenye sheria kadhaa zimehama. Usikariri namba kutoka vitini vya kaka wa mwaka wa nne. Kariri maudhui, namba itafute kwenye toleo jipya.

#10 Segera Njiapanda

Shusheni mambo. Sasa hebu mtueleze hicho chumba cha Hakimu Mkazi kinavyokwenda. Mtu akae akitegemea nini?

#11 mdau_Muheza

Karani anaita "Kooorti!", wote mnasimama, hakimu anaingia, anainama, mnainama, mnakaa. Karani anasoma namba ya shauri, mshtakiwa anapanda kizimbani. Mwendesha mashtaka anasimama:

"Mheshimiwa, shauri limekuja kwa ajili ya kutajwa. Upelelezi haujakamilika. Tunaomba tarehe nyingine ya kutajwa."

Hakimu anamtazama mshtakiwa, anaandika, anataja tarehe. Dakika mbili. Linalofuata, maneno yaleyale. Kwa wanaorudi rumande tarehe zinakwenda wiki mbili wiki mbili, ndiyo maana utaona sura zilezile zikija na kuondoka.

Akiwa kwenye shauri la mauaji, utasikia mshtakiwa anaambiwa asijibu kitu, kwa sababu mahakama ile haina mamlaka ya kulisikiliza. Linapita hapo kuelekea Mahakama Kuu, au kwa Hakimu Mkazi aliyepewa mamlaka ya nyongeza. Mgeni anadhani mshtakiwa kaonewa kwa kunyamazishwa. La hasha, ndiyo utaratibu.

Chora jedwali kwenye daftari kabla ya kuingia, safu sita: namba ya shauri, kosa au dai, hatua, nani wamehudhuria, dakika ngapi, na kama limeahirishwa, kwa nini. Safu ya mwisho ndiyo dhahabu. Shahidi hakufika. Wakili yuko Mahakama Kuu. Jalada limeitishwa juu kwa rufaa. Hakimu ana udhuru. Jioni hesabuni mmeona maahirisho mangapi na kwa sababu zipi, mjadili ni nani angeweza kuzuia kila moja. Mjadala huo unawaonyesha kazi za watu ambao hamkuwajua: msambaza wito, mpelelezi, karani, mkalimani.

Mkipata bahati ya shauri la dhamana, angalieni wadhamini wanavyokaguliwa. Barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kitambulisho, wakati mwingine hati ya mali. Barua yenye jina tofauti na kitambulisho inamrudisha mtu rumande. Na ndugu aliyekuja na barua hiyo ametoka Pangani na bodaboda.

#12 Wa Kwaminchi

Ahsanteni walimu. Niwe mkweli kwa niaba ya wengi: nyumbani wanasema ukisoma sheria lazima uwe wakili au hakimu, basi. Nje ya hapo ada imepotea. Kuna kingine kweli?

#13 Bi Mkonge

Kipo kingi, mwanangu, na ziara ndiyo ya kukiona. Tuanze na njia yenyewe maana hata hiyo wazazi hawaambiwi. Shahada ya sheria, LLB, ni miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Haikufanyi wakili. Ukiimaliza unakwenda Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, hii watu wanayoiita Law School, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya 2007 na kuanza kupokea wanafunzi 2008. Darasani, kisha mafunzo ya vitendo mahakamani na ofisini. Ukifaulu ndipo unaomba kuwa wakili, unaapishwa na Jaji Mkuu, na unaingia kwenye orodha ya mawakili. Uhakimu Mkazi nao unapita huko, na ajira yake iko kwa Tume ya Utumishi wa Mahakama.

Mwambieni mzazi mapema kwamba baada ya mahafali ya LLB bado kuna safari. Vijana wengi wanapata lawama nyumbani kwa sababu ukoo ulichinja mbuzi siku ya mahafali ukidhani wakili tayari.

Sasa nje ya hizo mbili. CMA: wasuluhishi na waamuzi wa migogoro ya kazi. Mkifika pale ulizeni mipaka ya muda. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 kufungua mgogoro, migogoro mingine siku 60. Kwenye mkoa wenye mashamba ya mkonge, viwanda na bandari, kazi haiwaishi. Bandarini kuna mikataba, bima ya shehena, madai ya mzigo ulioharibika. Chongoleani ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda, kilomita 1,443, na nyuma ya bomba kuna fidia za ardhi, mikataba ya wakandarasi, masuala ya mazingira. Horohoro kuna mpaka, kwa hiyo forodha. Halmashauri zina maofisa sheria. Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali inaitetea serikali kwenye madai, ile ya mashtaka inashtaki, ya Mwanasheria Mkuu inashauri na kuandika miswada. Ni ofisi tatu tofauti, na mwanafunzi akizichanganya kwenye usaili ameshajimaliza.

Ajira nyingi za serikali zinatangazwa kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Huhitaji mjomba ofisini ili ulione tangazo.

#14 Karani wa Zamu

Na IJA Lushoto usiiache kwa sababu ya umbali. Inatoa astashahada na stashahada ya sheria, kwa hiyo mdogo wako aliyeishia kidato cha nne ana mlango: cheti, stashahada, kisha LLB akitimiza vigezo vya udahili. Pia ndiko wanakofundishwa madalali wa mahakama na wasambaza nyaraka. Hizo ni kazi halali zenye kipato, na karibu hakuna mwanafunzi anayezitaja ukimuuliza ndoto yake.

Safari: kupitia Muheza, Segera, Korogwe mpaka Mombo, halafu mnapanda mlima kilomita 30 na ushei za kona tupu. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Anayetapika akae mbele. Juni na Julai bebeni sweta. Mtu wa Tanga mjini haamini kwamba mkoa wake una baridi mpaka aone.

#15 Pwani Mchangani

Tusiwafiche habari ya Law School. Mwaka 2022 kuna mkupuo ulikuwa na wanafunzi 633, wakafaulu moja kwa moja 26. Waliorudia mitihani 342, walioondolewa 265. Serikali ikaunda kamati kuchunguza, mwenyekiti Dk. Harrison Mwakyembe. Huyo mtoto wa kwanza kwao kufika chuo aambiwe.

#16 Bi Mkonge

Aambiwe, ila aambiwe na la kufanya. Kule hupimwi kukariri, unapimwa kuandaa nyaraka na kufuata utaratibu, kwa Kiingereza kinachosomeka. Hayo yanajengwa tangu mwaka wa kwanza. Kabla ya ziara kila mmoja asome hukumu mbili kutoka TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure. Pendekezo: *Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu*, Mahakama ya Rufani, 1983, kuhusu kazi za nyumbani kuhesabiwa kama mchango kwenye mali ya ndoa. Isome mpaka mwisho: mahakama ilikubali kanuni hiyo, lakini Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu kwa sababu ya fedha alizokuwa ameshapewa na mume na namna alivyozitumia. Wanaosoma muhtasari wa mtandaoni hawajui hilo. Ya pili, ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu 2016 na Rufani 2019, umri wa ndoa kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971.

Baada ya kila hukumu andika nusu ukurasa: ukweli, hoja, uamuzi, sababu. Kwa Kiingereza, kisha mwambie bibi yako kwa Kiswahili. Asipokuelewa bibi, hujaielewa hukumu.

#17 Wa Kwaminchi

😂 Bibi wa kwetu atauliza "na nyumba alipata nani?"

#18 Bi Mkonge

Basi bibi yako anafaa kuwa jaji.

#19 mdau_Muheza

Fedha na mavazi, kwa kifupi. Kundi la 15 linatosha Coaster moja. Gaweni bajeti mafungu manne: gari na mafuta, malazi ya usiku mbili, chakula, na akiba ya angalau sehemu moja kwa kumi. Akiba ndiyo husahaulika, na ndiyo inayolipa pale shauri mlilofuata linapoahirishwa hadi kesho yake. Kama ni gharama ya mtu binafsi, teremkeni Kange, mjini ni daladala au bajaji, usikodi taksi.

Suti nyeusi ya mtumba, fundi wa Ngamiani aibane mabega na mikono, imetosha. Shati jeupe, viatu vyeusi vilivyofungwa. Dada mwenye hijabu, nyeusi au nyeupe isiyo na mapambo. Zile kola nyeupe za mawakili msivae hata kwa utani, na joho msiombe kupiga nalo picha. Kamera ndani ya eneo la mahakama ni marufuku mpaka uruhusiwe.

Kuhusu mkopo: Bodi ya Mikopo ina miongozo yake kila mwaka, wa shahada ya kwanza na wa hao wa Law School. Usome wa mwaka wako, siyo wa aliyekutangulia.

#20 Segera Njiapanda

La mwisho kwangu. Kijana akirudi kijijini baada ya ziara, watu wanapanga foleni mlangoni: niandikie hili, nisimamie lile. Afanyeje?

#21 Karani wa Zamu

Hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Aliye wa kwanza kusoma anaitwa "wakili wetu" tangu muhula wa kwanza. Akianza kuandaa hati za kesi kwa malipo ameshakuwa kishoka, yaani wakili bandia, na kufanya kazi ya wakili bila kuwa wakili ni kosa kisheria. Rekodi hiyo inaweza kumrudia siku anaomba kuapishwa, maana mwombaji anaangaliwa pia mwenendo wake.

Anachoweza kufanya: kumsomea mtu barua ya wito na kumweleza tarehe na mahakama, kumwambia asikose siku hiyo, kumsindikiza dirishani. Kushauri cha kusema mbele ya hakimu, hapana. Amwelekeze kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inajua walipo. Kwenye ziara ombeni orodha ya wilaya zenu. Kijana anayerudi na majina matatu na namba za ofisi zao amekisaidia kijiji kuliko aliyerudi na picha.

#22 Wa Kwaminchi

Nimenakili yote. Barua ya shukrani tunaandika nayo, au salamu za simu zinatosha?

#23 Bi Mkonge

Mnaandika, ndani ya wiki mbili, kwa ofisi zilezile na kupitia amidi yuleyule. Nusu ukurasa. Tajeni mlichojifunza kwa jina lake, kwa mfano ukaguzi wa kiapo masjala, na mtajeni kwa cheo ofisa aliyewazungusha, ili mkuu wake aone. Ambatanisheni ripoti yenu yenye lile jedwali la maahirisho, bila majina ya washtakiwa wala ya wadaawa (wenye shauri). Mwakani mkiomba nafasi za mafunzo kwa vitendo, andikeni kwenye sehemu ya Kumb. namba ya barua hiyo. Karani ataitoa kwenye jalada na kuziweka pamoja.